Kiraka cha Tjitske

Niseme wazi tangu mwanzo kwamba nina hasira, na si ya leo. Nina hasira na watu wanaotengeneza bodi ya kompyuta, ule ubao wa ndani unaobeba vifaa vyote, wakaandika uongo ndani yake, wakaitia kwenye boksi lenye picha ya joka na kuipeleka dukani. Nina hasira na wale ambao mtu akiwapelekea shida wanamwambia azime awashe. Na kwa muda mrefu nilikuwa na hasira na jirani yangu Tjitske Hoekema, ingawa yeye alikuwa na hasira kunishinda, na sababu zake zilikuwa nzito kuliko zangu.

Tjitske aliendesha lori la maziwa maisha yake yote ya kazi, shamba hadi shamba, kutoka Sneek, mji wa kaskazini mwa Uholanzi, mpaka pwani, kwenye barafu na ukungu. Wakulima walimwogopa. Ukiacha trekta njiani kwake, alishuka, akaliondoa mwenyewe, kisha ndipo akaja kukutafuta akutukane. Ni mwanamke mrefu mwenye mabega mapana, na ana tabia moja iliyomfaa barabarani na kumharibia nyumbani: hawezi kusubiri. Ukianza kusema jambo, analimalizia yeye. Mara nyingi analimalizia sivyo, na wala hagundui.

Mumewe, Gerben, alikuwa fundi umeme, mbishi kupindukia. Waligombana tangu siku ya harusi yao, na sisi majirani tulishazoea. Tukipita dirishani kwao tukasikia kimya, tulikuwa tunaulizana kama kuna mgonjwa. Halafu mgonjwa akawepo kweli. Maradhi ya mishipa ya fahamu yalimnyang'anya Gerben vidole, yakachukua miguu, mwisho yakachukua ulimi.

Kabla vidole havijaisha aliwahi kujijengea kompyuta. Alichagua bodi, betri, na kamera ndogo inayofuata macho, akavipanga kwenye sanduku la bati na kulifunga chini ya kiti chake cha magurudumu. Akitazama herufi kwenye skrini, kamera inaona anatazama wapi, kompyuta inaandika, kisha inasoma kwa sauti. Sauti yenyewe ni yake. Aliirekodi ulimi wake ungali mzima, na alianza na matusi ili asije akakosa muda.

Kazi nzuri kabisa, isipokuwa kasoro moja. Ili betri isiishe kabla ya chakula cha mchana, kompyuta ililazimika kulala kila Gerben anapopumzisha macho. Akitaka kuendelea anabonyeza kwa kisogo kitufe kilichofungwa kwenye kiegemeo, nayo inaamka. Skrini inarudi. Sauti inarudi. Kamera hairudi. Inabaki pale juu ya skrini, kitaa chake chekundu kimezimika, mpaka mtu azime kila kitu na kuwasha upya, na hapo sentensi aliyoianza imeshapotea. Mtu anayeandika kwa macho hupumzika kila mara. Kwa hiyo Gerben, ambaye hakuna aliyewahi kumnyamazisha, alikuwa akikatizwa kila sentensi na mashine aliyoijenga mwenyewe.

Wakarudi kwenye ubao wa herufi. Ni kipande cha plastiki. Tjitske anapitisha kidole juu yake na Gerben anafumba jicho kwenye herufi anayoitaka. Siku moja niliwapelekea soseji kavu nikawakuta katika shughuli hiyo. Herufi moja, nyingine, nyingine tena, mpaka likapatikana neno: NATAKA. Nilikuwa nangoja neno la pili.

"Kubaki nyumbani," Tjitske akasema, akaushusha ubao. "Najua, mzee. Hakuna atakayekutoa hapa."

Gerben akafumba macho yote mawili, na hakuyafumbua tena mpaka nilipoaga.

"Unaona?" Tjitske akaniambia mlangoni. "Amekubali."

Maneno hayo hayakutoka hewani. Baukje, dada yake Gerben, alitaka kaka yake ahamie nyumba ya wauguzi kule mjini Bolsward, ambako wapo watu wa kumgeuza na winchi ya kumwinua. Tjitske alikuwa akimwinua kwa mikono. Wifi hao wawili walifikia mahali pa kuachiana ujumbe kwa majirani. Sasa halmashauri ilikuwa inamtuma mtu, mnakaa meza ya jikoni, mnanywa kahawa, mnaongea, anaandika, na alichoandika ndicho kinachofuatwa. Mtu mwenyewe, mama mmoja aitwaye Roelie Dotinga, alimwambia Tjitske kwenye simu kwamba ataandika kile tu Gerben atakachosema mwenyewe. Ubao wa herufi hautaki, kwa sababu amezoea kuona ndugu wakimalizia.

"Atasema mwenyewe," Tjitske akamjibu. "Na atasema anabaki." Kisha akamkatia simu, akaja kwangu.

Jumamosi asubuhi huwa tunatengeneza vitu vya watu bure kwenye ukumbi wa kijiji: cherehani, redio, mashine za kahawa. Mimi nakaa meza ya kompyuta, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Meza yangu ina sheria moja, na wengi wananichukia kwa ajili yake: fundi hashiki kibodi. Aliyeleta mashine ndiye anayechapa. Mimi nakalia mikono yangu na kuongea.

Tjitske alimsukuma Gerben mpaka mbele yangu, akaweka kibodi juu ya meza, akakisukuma upande wangu. Mimi nikakirudisha upande wake.

"We Wobbe, sijaja darasani mimi."

"Basi umekuja bure."

"Mume wangu hasemi, wewe unaniletea sheria za ukumbi?"

"Ikiharibika Jumanne utafanyaje?"

"Nitakuita. Na utakuja mbio."

"Sitakuja. Keti."

Aliketi kwa kishindo mpaka vikombe vikacheza. Gerben alikuwa ananitazama, na naapa alikuwa anacheka kwa macho.

Nikamweleza. Kompyuta ikiwaka haijijui. Ndani ya bodi, mtengenezaji ameandika majedwali yanayoiambia: feni iko hapa, iwashwe joto likifika kiasi hiki; tundu la kuchomeka kifaa liko pale; wakati wa kulala kata umeme huku, uache kule. Mfumo, ile programu kuu inayoendesha kila kitu, na wa Gerben ulikuwa wa bure, unaamini kila neno, kwa kuwa hauna pengine pa kuuliza. Majedwali yakiandikwa ovyo, mfumo unadanganywa tangu unapofumbua macho.

"Nani kaandika ovyo?"

"Wenye bodi."

"Si uwaambie warekebishe?"

"Nimewahi kuwaandikia juu ya bodi nyingine. Walijibu kwamba kwenye mfumo ule wa kulipia hakuna tatizo, kwa hiyo hakuna tatizo."

Nikamwonyesha kitu ambacho mpaka leo kinanipandisha damu. Mwanzoni kabisa mwa jedwali, bodi inauliza mfumo jina lake. Jina likiwa si lile wanalolipenda, baadhi ya mambo hayawashwi. Tjitske alikisoma mara mbili, kidole juu ya skrini.

"Yaani inamuuliza mtu ukoo wake kabla ya kumpa maji?"

"Ndivyo."

"Na mfumo wa Gerben unajibu nini?"

"Unadanganya. Unajitaja kwa jina wanalolitaka."

"Safi," akasema. "Mbwa hao."

Kuanzia hapo alikuwa mwanafunzi. Nikamfundisha kwamba huwezi kuyafuta majedwali kwenye bodi, lakini unaweza kuyanakili, ukayageuza yasomeke na binadamu, ukarekebisha, ukayarudisha katika lugha ya mashine, kisha ukaupa mfumo nakala yako unapowaka, uisome badala ya ile. Hicho tunakiita kiraka. Nikamwonya pia kwamba programu inayoyarudisha majedwali katika lugha ya mashine ni kali kuliko mwalimu mkuu. Italalamika juu ya mistari mingi ambayo mtengenezaji mwenyewe aliipitisha, na kila mstari usomwe kwanza ujulikane unafanya kazi gani. Nilisema hivyo. Nilisema kwa sauti.

Alipofika nyumbani, programu ikalalamika. Tjitske akaona orodha nyekundu imejaa skrini, akafanya alichokuwa akikifanya kwa matrekta. Kila mstari uliolalamikiwa akaufuta. Akafuta na ule uliofuata, na ule ulioning'inia baada ya huo kufutwa, mpaka programu ikamwambia makosa hakuna. Kila anayejifunza kazi hii hupitia kosa hili, na kila mmoja hujiona shujaa. Akaweka kiraka chake, akawasha. Kompyuta ikawaka vizuri, tena kimya kuliko kawaida. Akampigia simu hata Baukje kumringia.

Kimya kilikuwa cha feni. Alikuwa amefuta sehemu inayoiwasha.

Gerben alikuwa ameketi juu ya lile sanduku. Kamera, kama kawaida, ilikuwa imelala na haikuamka, kwa hiyo hakuwa na la kusema. Alimtazama mkewe, akatoa macho, akayashusha chini, akayainua tena.

"Maji?" Tjitske akamuuliza. Akamnywesha.

Macho yakaenda chini.

"Blanketi? Miguu inaona baridi?" Akamfunika miguu, na blanketi likaziba hata matundu ya sanduku ya kupitishia hewa.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia haya, Jumamosi iliyofuata, uso umemwiva. Alikuwa njiani kwenda kumletea soksi za sufu aliposikia harufu ya plastiki inayoungua. Aliuvuta waya wa betri kwa nguvu hadi ukang'oka na kipande cha sanduku. Ngozi ya paja la Gerben ilikuwa imebabuka, nyekundu, ukubwa wa kiganja.

Nilimfokea. Ukumbi mzima uliacha kazi ukageuka kututazama.

"Nilikwambia soma! Usifute kitu usichokijua! Ungemchoma mume wako akiwa hai!"

"Unadhani sijui?" akanijibu kwa sauti hiyo hiyo. "Unadhani usiku nalala? Alikuwa ananiambia, Wobbe! Alikuwa ananiambia kwa macho, mimi namletea soksi!"

Hakuna aliyethubutu kumpa kahawa. Baadaye mama wa cherehani alisogeza taratibu kipande cha mkate wa sukari mpaka karibu na mkono wake, akarudi zake. Tjitske akaula wote bila kuutazama, akavuta kibodi.

"Tuanze upya," akasema. "Mstari kwa mstari."

Alisoma. Hilo nitalisema popote. Mwanamke aliyekuwa hamalizi kusikiliza taarifa ya hali ya hewa alikaa mbele ya majedwali yale, akaandika pembeni ya kila sehemu inafanya nini, na asipojua alisema sijui, neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Malalamiko ya programu akayarekebisha moja moja bila kufuta hata mstari. Feni ikarudi na kelele zake. Ila kamera iliendelea kufa kila kompyuta ikilala. Tuliyapitia matundu yote ya nyuma ya bodi, na kila moja liliandikwa sawasawa.

Mimi ndiye niliyechoka kwanza. Nikauchukua ubao wa herufi nikamgeukia Gerben.

"Ndugu yangu, kamera uliichomeka wapi?"

Nikaanza kupitisha kidole.

"Nyuma," Tjitske akasema. "Atakuwa ameichomeka nyuma, mbona iko wazi."

"Nyamaza."

"Nakuokolea muda tu..."

"Tjitske! Funga mdomo!"

Ilichukua muda mrefu. Jicho lilikuwa zito siku ile, na mara mbili tulikosea ikabidi turudi nyuma. Herufi zikafika: NDANI.

Tukalifungua sanduku. Gerben hakuichomeka kamera kwenye matundu ya nyuma, kwa sababu waya ungenaswa na magurudumu. Aliipeleka ndani, kwenye pini zilizo katikati ya bodi. Tjitske akazitafuta pini zile kwenye jedwali, akazikuta. Kwenye orodha ya matundu kila moja lina alama inayosema kama linaweza kuchomekwa kitu. Hili mtengenezaji alilitia sifuri. Hapa hapachomekwi kitu. Kwa hiyo kompyuta ikiamka inapita nyumba kwa nyumba ikiwaamsha waliomo, na pale kwa Gerben haibishi hodi, imeshaambiwa hakuna mtu.

"Yupo," Tjitske akasema, kama vile bodi inamsikia. "Yupo, mpumbavu wewe."

Akabadilisha alama. Hapo hapakuwa na kitu kingine cha kufanya, alama moja tu. Akaweka kiraka, akawasha, akailaza. Gerben akabonyeza kwa kisogo. Skrini ikarudi, na juu yake kile kitaa chekundu kikawaka. Macho yakaanza kutembea, sisi tumesimama tumekodoa, kisha ile sauti ya zamani ikajaa ukumbini.

"Wobbe. Kahawa yako ni mkojo."

Watu walipiga makofi. Tjitske hakupiga. Alikuwa ameushika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, analia kwa hasira, namna anayolia yeye.

Siku ya mazungumzo aliniita nikae pembeni endapo mashine italeta ukaidi. Meza ile ile ya jikoni, kitambaa kimenyooshwa, kahawa na biskuti moja moja, kisha kopo likafungwa kama ilivyo desturi yetu. Roelie Dotinga alikuwa mama mpole mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Baukje alikaa upande wa dirisha, hajavua hata koti. Tjitske alisimama kwenye beseni la vyombo, akisugua sufuria iliyokwisha kuwa safi. Alikuwa na furaha, na hakujua kuificha.

Roelie akamgeukia Gerben, si mkewe, na kwa hilo nilimpenda.

"Gerben, wewe mwenyewe unataka nini?"

Macho yakatembea. Yakapumzika. Skrini ikazima. Tjitske akageuka na sufuria mkononi. Kisogo kikabonyeza, skrini ikarudi, kitaa kikawaka chekundu pale pale, na sauti ya Gerben ikasema:

"Nataka kwenda Bolsward."

Baukje akashika mdomo. Mimi nikatazama sakafu. Maji ya bomba yalikuwa yanatiririka na hakuna aliyeyafunga.

"Rudia," Tjitske akasema.

Tulisubiri. Mashine ililala tena, ikaamka tena, bila kosa.

"Nataka kwenda. Mgongo wako unavunjika. Nilikwambia. Kila mara unanimalizia."

Roelie akavaa miwani, akaivua. Alikuwa mtu mwangalifu, na sitamlaumu.

"Samahani," akasema. "Niliambiwa hii mashine ilikuwa mbovu. Hata iliungua, kama sikosei. Inawezekana inachanganya maneno? Sitaki kuandika jambo kubwa namna hii kwa ajili ya hitilafu." Akanitazama mimi. "Wewe ndiye fundi?"

"Siyo mimi," nikasema. "Muulize yeye."

Sote tukamgeukia Tjitske. Nilimwona akielewa, kwa sababu uso wake hauwezi kuficha kitu. Nafasi ilikuwa imewekwa mbele yake mezani. Neno moja tu, kwamba bado inasumbua, na Roelie angefunga kitabu chake, angekuja siku nyingine, na siku nyingine hiyo ingeweza kusogezwa mbele mpaka isifike. Nilimwogopa. Nilijua anampenda kiasi gani, na nilijua hajawahi kushindwa ugomvi katika nyumba ile.

Aliitupa sufuria ndani ya beseni. Maji yakaruka mpaka kwenye kitambaa cha meza.

"Mbovu?" akasema. "Nani kasema mbovu? Nimelisoma jedwali lote, mstari kwa mstari, wewe mama. Hakuna tundu ndani ya hiyo mashine nisilolijua. Haichanganyi kitu! Huyo ni yeye. Ndivyo alivyo, mkaidi tangu anioe. Kama kasema Bolsward, basi ni Bolsward. Andika!"

Roelie akaandika. Kalamu yake ilisikika.

Tjitske akafunga bomba. Akavuta kiti, akaketi mbele ya mumewe, magoti kwa magoti, mikono bado inachuruzika maji, na nikaona hasira yote ile inatafuta pa kwenda na haipaoni.

"Mwanaume wewe," akamwambia. "Ningekubeba mpaka nianguke."

Macho ya Gerben yakaanza tena kutembea.

"Nataka uje," sauti ikasema, na hapo macho yakachoka. Yakafumba. Skrini ikazima.

Nilijua yaliyomjaa Tjitske mdomoni. Uje Jumapili. Uje kunitazama. Uje kunichukua. Niliyaona yakipanda mpaka kwenye meno. Baukje alifungua kinywa, na Tjitske akamnyoshea kidole bila kumtazama, Baukje akakifunga. Saa ya ukutani ikasikika. Gari likapita nje, likaenda zake mpaka mwisho wa barabara. Tjitske alikuwa ameuma mdomo wa chini, anasubiri.

Kisogo kikabonyeza. Kitaa kikawaka.

"Tugombane," Gerben akasema. "Kila siku."